Mada: Mdogo wangu kasema "stimu" hospitalini, imeandikwa dawa za kulevya

Habari zenu jamani. Mdogo wangu kavunjika mkono Jumamosi. Muuguzi kamuuliza hali yake kupitia mkalimani wa simu, naye kajibu, "Huu mkono umenikata stimu kabisa." Imetafsiriwa kwamba ulevi umemwishia, na kwenye faili wameandika anatumia dawa za kulevya. Kijana hagusi hata sigara! Nifanyeje? Na hili neno limetoka wapi?
(Leicester)

—

Pole dada, na umpe pole mgonjwa.

Stimu ni mvuke, limetoka kwenye "steam" ya Kiingereza. Ndugu yake ni stima: kwanza meli ya mvuke, baadaye Wakenya wakauita umeme hivyohivyo. Aliyevuta bangi au kupiga tungi akafananishwa na injini iliyochemka: stimu zimempanda. Halafu mitaani Dar neno likavuka ulevi, likawa hamu na raha. Unaangalia mpira, umenoga, umeme unakatika: wamekukata stimu. Mdogo wako alisema hii ya pili, mkalimani akasikia ya kwanza.

Na si vijana tu. Mama yangu alimwambia daktari, "Nikiinuka nalewalewa." Kwetu pwani hata mawimbi humlevya mtu, lakini mkalimani alishaanza kusema pombe nikamkatiza. Tangu siku ile nyumbani tunasema kizunguzungu, basi.

Faili lisiachwe likae hivyo, maana kila daktari atakayemwona atalisoma. Sheria ya data hapa Uingereza inampa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na kwa kawaida wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Aandike mwenyewe, au wewe kwa idhini yake: tarehe na saa ya mazungumzo, sentensi yake kwa Kiswahili kama alivyoitamka, na alichokusudia. Wakikataa kufuta, adai maelezo yake yaambatishwe palepale. Safari ijayo aombe mkalimani anayejua Kiswahili cha Tanzania. Kwa NHS, huduma ya afya ya umma hapa, mgonjwa halipi mkalimani.
(Reading)

—

Ahsante sana kaka. Tumeandika pamoja usiku huu, kasaini kwa mkono wa kushoto. Anauliza, badala ya stimu aseme "sina mzuka"?
(Leicester)

—

Hapana dada! Kwenye kamusi mzuka ni pepo. Aseme mkono unauma, na unauma wapi.
(Reading)