Tupeane uzoefu: amri za mstari mmoja za kuokoa diski iliyojaa kwenye Linux

Wakuu, seva inalia "No space left on device". Weka amri yako, useme inafanya nini na inang'ata wapi. Naanza na ya kila siku:

`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

du inapima ukubwa wa kila folda, na hiyo -x inaizuia kuvuka kwenda /proc au diski nyingine zilizopachikwa. Kwenye sort weka -h, maana -n inasoma tarakimu tu na itaiona 900K kubwa kuliko 2G. Folda nzito zinakaa chini kabisa; ingia humo, rudia.

mzee_wa_cron: Mkuu, kabla ya du piga `df -h` halafu `df -i`. Ya kwanza ikionyesha nafasi ipo na ya pili ikisema 100%, zilizoisha ni inodi (rekodi ambayo kila faili hutumia moja). Kwenye ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) idadi yake hupangwa wakati wa kufomati, kwa hiyo dawa ni kupunguza faili. Zinapojificha:

`sudo du --inodes -xd1 /var | sort -n`

Mara nyingi utakuta sesheni za PHP au barua zilizokwama kwenye foleni.

dada_terminali: Na humo `rm *` itagoma, "Argument list too long", kwa sababu sheli inatandaza majina yote kabla rm haijaanza. Tumia:

`find . -type f -mtime +7 -delete`

-delete ikae mwisho. find inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ukiitanguliza inafuta kila kitu kabla ya kuuliza umri. Endesha kwanza na -print mahali pake. Halafu +7 maana yake siku nane kamili na kuendelea, si saba.

swichi_mbovu: Kuna ile inayochanganya wengi: df inasema imejaa, du haioni kitu. Hapo logi (faili ya kumbukumbu za programu) imefutwa lakini programu bado imeishikilia, na kernel, yaani kiini cha Linux, haiachii nafasi hadi ifungwe. Amri hii inaorodhesha faili za namna hiyo:

`sudo lsof +L1`

Kuanzisha upya huduma husika kunatosha. Kama haiwezi kuzimwa mchana, chukua PID (namba ya programu inayoendeshwa) na namba iliyo kwenye safu ya FD, yaani ya faili iliyofunguliwa (3w ni 3), uifute yaliyomo:

`sudo truncate -s 0 /proc/PID/fd/3`

Usijaribu `sudo echo > faili`. Alama ya > inatekelezwa na sheli yako, si na root (msimamizi mkuu wa mfumo), utakataliwa ruhusa. Na programu isiyoandika kwa kuongezea mwishoni itaendelea pale ilipofikia, hivyo ls itaonyesha ukubwa wa kutisha ingawa diski haijaliwa. Amini du.

mzee_wa_cron: Logi za systemd (inayosimamia huduma za mfumo): `sudo journalctl --rotate`, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Bila rotate, faili inayoandikwa sasa haiguswi. Ili zisijae tena, SystemMaxUse=200M ndani ya /etc/systemd/journald.conf, uanzishe upya systemd-journald.

dada_terminali: Diski ya data tu, ext4: kwa kawaida 5% imetengewa root. Kwenye TB 1 hiyo ni kama GB 50.

`sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`

Hakuna haja ya kuipachua. Diski ya mfumo iache na akiba yake, na kwenye XFS, mfumo mwingine wa faili, amri hii haifanyi kazi.