Tarehe ya mwisho ya kuacha somo: kabla au baada ya mwanafunzi kuona alama zake za kwanza?

Mleta mada

Wadau, msimamo wangu nauweka mezani mapema. Chuo kikuu kisiruhusiwe kufunga mlango wa kuacha somo kabla mwanafunzi hajarudishiwa walau kazi moja iliyosahihishwa katika somo hilo.

Chukueni muhula wa wiki 15. Kuongeza somo kwa kawaida hufungwa wiki ya kwanza au ya pili, na hilo sina ugomvi nalo, maana anayeingia wiki ya tano amekwisha kukosa msingi. Ugomvi wangu ni tarehe ya kutoka. Australia wana sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2003 inayozuia chuo kumfunga mwanafunzi kwenye deni la ada ya somo kabla 20% ya muda wa somo hilo haijapita. Kwa muhula wetu wa wiki 15 hizo ni siku 21. Nawasifu kwa kuweka mpaka ambao chuo hakiwezi kuuvuka. Lakini 20% inapima kalenda, haipimi anachokijua mwanafunzi. Siku ya 21 mtu wa mwaka wa kwanza amehudhuria mihadhara ya wiki tatu, pengine jaribio la kwanza ndiyo kwanza linatangazwa. Anaulizwa: unabaki au unatoka? Atajibu kwa ushahidi gani? Mwenye ndugu aliyepita chuo ataambiwa, "Somo hilo likikusumbua wiki ya pili, kimbia." Asiye na ndugu huyo atakaa akidhani kila mtu anahangaika hivyo hivyo, mpaka afeli.

Na kuna kosa kubwa zaidi, la kuibebesha tarehe moja kazi tatu: kuamua nani anadaiwa ada, kuamua nini kiandikwe kwenye rekodi, na kuamua nafasi darasani ni ya nani. Hizi zitenganishwe. Kwenye pesa, Marekani, kwa msaada wa masomo unaotolewa na serikali kuu, wanahesabu siku: anayeacha masomo yote kabla ya 60% ya muhula anahesabiwa amestahili msaada kwa kadiri ya siku alizosoma, na akivuka 60% msaada wote ni wake. Uingereza, kwa mikopo ya ada ya England, wanakwenda kwa vipande: 25% ya ada ya mwaka muhula wa kwanza, 25% wa pili, kisha 50% kwa mkupuo muhula wa tatu unapoanza. Mimi naona hesabu ya siku ina haki zaidi. Mtu asidaiwe nusu ya ada ya mwaka kwa kuchelewa kutoka siku chache.

Mchangiaji, ofisi ya usajili

Ndugu mleta mada, nimekaa kwenye dawati la usajili miaka mingi, na hizo tarehe hatuziweki kwa kupenda kubana watu. Kila nafasi unayoishikilia kwa majaribio, kuna mwenzio kwenye orodha ya kusubiri ameikosa. Wahadhiri wanapangwa kwa idadi, kumbi zinapangwa kwa idadi. Halafu kuna wale wajanja. Mtu anasubiri jaribio, akipata alama ya wastani anatoka, sio kwa sababu anafeli bali kwa sababu anataka wastani wake wa jumla ubaki juu. Ukisogeza tarehe ya kuacha somo mbele, tuseme hadi wiki ya tisa, hao ndio watakaofaidika, wala si yule wa mwaka wa kwanza unayemhurumia.

Mleta mada

Hoja ya nafasi ina nguvu mpaka siku ya kuongeza masomo inapofungwa, na hapo inaishia. Kuongeza kukifungwa wiki ya pili, nafasi inayoachwa wiki ya nne na inayoachwa wiki ya nane zote zinabaki wazi. Hakuna anayesubiri tena. Kwa hiyo tarehe ya wiki ya nne haimlindi yule wa orodha ya kusubiri.

Kuhusu wajanja, nakubali wapo. Dawa yao ni idadi. Texas, kwa sheria ya jimbo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeingia chuo cha umma kuanzia mwaka 2007 hawezi kuacha zaidi ya masomo 6 katika safari yake yote, na sheria inatambua sababu nzito kama ugonjwa au msiba. Mwenye nafasi sita atazitunza. Sipendi kila kitu katika kanuni ile, maana mtu akihama chuo hesabu humfuata, lakini inamzuia mjanja bila kumfungia mlango mwenye shida.

Mchangiaji, mwanafunzi

Mimi niongeze kitu ambacho nyote mmekipita. Nilijaza fomu ya kuacha somo siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Ilihitaji saini ya mshauri wangu wa masomo, na mshauri alikuwa safarini. Aliporudi akasaini, ofisi ikasema tarehe inayohesabika ni ya saini. Nikaandikiwa F (amefeli) badala ya W (ameacha somo), na ada nikadaiwa yote. Nilikata rufaa, ikakataliwa kwa sentensi mbili. Mnabishana wiki ya tatu au ya tisa, sawa, lakini kwanza kanuni iseme waziwazi: tarehe inayohesabika ni ile mwanafunzi aliyowasilisha ombi. Mengine ni ya ofisi kumalizana wenyewe kwa wenyewe.

Mchangiaji, mhadhiri

Mleta mada, sharti lako linaniangukia mimi. Darasa la watu 300 na msaidizi mmoja, halafu tarehe ya chuo inategemea lini nimemaliza kusahihisha? Na kozi za muda mfupi je? Kozi ya wiki sita, 20% yake ni siku nane na ushei. Muda wa kusoma umepungua, muda wa kusahihisha haukupungua. Ninachoweza kuahidi ni zoezi fupi la wiki ya tatu, la maswali kumi, lisilo na uzito mkubwa kwenye matokeo. Linatosha kumwonyesha mtu amesimama wapi.

Mleta mada

Mwalimu, zoezi hilo hilo ndilo ninalolilia, sihitaji mtihani mkubwa. Ila liandikwe kwenye kanuni, lisiachwe kwa hiari. Na likichelewa, tarehe ya kuacha somo lile isogee kwa siku zile zile zilizochelewa. Mwanafunzi asilipie ucheleweshaji ambao si wake.

Wewe mwanafunzi, hoja yako naichukua nzima. Ilipaswa kuwa sentensi yangu ya kwanza.

Mchangiaji, ofisi ya usajili

La tarehe ya kuwasilisha sina ubishi nalo, na mfumo wa kompyuta unaweza kulishika leo bila gharama. La tarehe kusogea kwa kila somo bado nalikataa. Mwenye masomo matano atakuwa na tarehe tano, na najua nani atakayezichanganya: yule yule asiye na ndugu wa kumuuliza. Nipeni tarehe moja ya chuo kizima, iwe wiki ya sita, na mhadhiri asiyerudisha zoezi kabla ya hapo awajibike kwa mkuu wa idara. Hapo nitakaa upande wenu.

Mchangiaji, mwanafunzi

Awajibike vipi? Maana mimi F yangu bado iko kwenye rekodi, na aliyekuwa safarini hakuulizwa chochote.