Matunzo ya mtoto ni 50,000 ileile tangu 2015, nikiomba ibadilishwe nazungushwa

Wakuu, nimetoka mahakamani sasa hivi, ni mara ya tano, na naandika nikiwa na hasira zangu hivihivi.

Mtalaka wangu analipa matunzo ya binti yetu. Naliweka mbele hilo ili msije na "mshukuru Mungu, wenzako hawapati hata mia". Najua hawapati. Huyu analipa kila tarehe 5, 50,000, haizidi hata shilingi, ya kutolea haweki, kwa hiyo kwa wakala naondoka na pungufu. Na kwa kuwa analipa, kila ninayemweleza ananiona mkorofi.

Kiwango hicho kilipangwa na Mahakama ya Mwanzo mwaka 2015 tulipoachana. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, chakula chake uji na ndizi. Baba yake alikuwa konda wa daladala. Sikulalamika, maana kwa siku ile ilikuwa haki. Sasa binti yuko kidato cha kwanza. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, 200 kila gari, 800 kwa siku. Siku 22 za shule ni 17,600, hapo hajala, hajavaa, hajaumwa. Taulo za kike hakimu wa 2015 angeziwazia wapi kwa mtoto wa miaka mitatu? Na yule konda leo ana duka la vipuri vya magari.

Nilipokwenda masjala mara ya kwanza kuomba kiwango kibadilishwe, karani hakuinua hata kichwa. "Mama, hukumu ya 2015? Umechelewa. Rufaa ni siku 45." Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi sikati rufaa, hukumu siipingi, nasema maisha yamebadilika." Akaniambia nipishe wengine. Mara ya pili nikaambiwa nifungue kesi upya. Mara ya tatu, niende kwanza ustawi wa jamii. Ustawi wakasema amri ni ya mahakama, wao hawawezi kuigusa, nirudi kulekule. Kila safari nafunga genge kutwa nzima. Mwenye genge anajua nyanya za jana zinauzwaje.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa kisheria mmoja wa kata yetu, dada mdogo tu. Alinifungulia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 133, tukasoma wote. Kinasema mahakama inaweza wakati wowote kubadilisha au kufuta amri ya malezi au matunzo ya mtoto, mhusika akiomba, ikiridhika kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa, au kwamba amri ilitolewa kwa maelezo ya uongo au makosa. Wakati wowote! Wala si siku 45. Rufaa ni ya anayesema hakimu alikosea. Mimi nasema alipatia, ila mtoto amekua. Karani wa masjala ya mahakama kweli halijui hilo? Au analijua, ila mama wa genge hana haja ya kuambiwa?

Basi nikaandika maombi, yakapokelewa. Mtalaka akaukwepa wito mara moja, mara ya pili mtendaji wa mtaa akamkuta dukani. Leo ndiyo tumesikilizwa, kama mnaweza kukuita huko kusikilizwa. Yeye kasema ana mke na watoto wengine wawili. Sawa, hao nao ni watoto, wanakula, sina ugomvi nao, na Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inataka majukumu mengine ya mzazi yaangaliwe. Lakini sheria hiyohiyo inataka kipato na mali za wazazi wote wawili ziangaliwe, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Mbona hiyo sehemu imerukwa?

Nimeulizwa ushahidi wa kipato chake. Nikatoa picha ya duka. Hakimu kasema picha haionyeshi duka ni la nani. Leseni ina jina la kaka yake! Mtaa mzima unajua nani anafungua duka asubuhi na nani anabeba mauzo jioni, ila kwenye karatasi mwanaume hana kitu. Mimi nitaupata wapi mzunguko wa fedha wa mtu ambaye hata simu yangu hapokei?

Gharama za mtoto nimeziandika kwenye kaunta buku tangu 2022, kila siku na yake. Nauli, madaftari, viatu, mchango wa chakula shuleni, dawa za malaria mwezi wa nne. Limefunguliwa kurasa mbili, nikarudishiwa. "Risiti ziko wapi?" Jamani, nani anatoa risiti ya kushona begi la shule kwa fundi wa kibarazani? Halafu mzee mmoja wa baraza ananiuliza, "Si shule bure siku hizi?" Ada ndiyo ilifutwa, kuanzia 2016, na nashukuru. Daladala hazikufutwa ada, mzee wangu.

Sitaki kumkomoa mtu. Nimeomba 120,000, na genge langu linaendelea kubeba kilichobaki, kama lilivyobeba miaka yote hii.

Wanasheria mliomo humu, na akina mama mliowahi kupandishiwa kiwango Mahakama ya Mwanzo: mlithibitishaje kipato cha mtu mwenye biashara isiyo na jina lake? Majirani wa dukani wakija kutoa ushahidi, inatosha? Naweza kuomba mahakama yenyewe imwamuru alete taarifa za miamala ya simu yake? Tarehe yangu ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi.