Naomba ushauri: baiskeli kwenda kazini Utrecht, msimu wa majani kupukutika

MtotoWaShinyanga
Wakuu, salamu kwenu. Nimehamia Utrecht, Uholanzi, mwaka huu, na tangu nifike kazini naenda kwa baiskeli. Nakaa Overvecht, kazi iko Science Park, zamu inaanza saa moja asubuhi. Wakati wa joto ilikuwa raha tupu. Sasa mwezi wa kumi umeingia: natoka nyumbani gizani, mvua inakuja na upepo wake, na njia za baiskeli zimefunikwa majani yaliyolowa. Baiskeli naijua tangu utotoni, kwetu ndiyo gari la kila nyumba. Hali hii ya hewa ndiyo ngeni kwangu.

Niliyo nayo ni ya mtumba, gia tatu. Breki ya mbele ni mipira inayobana rimu, ya nyuma unarudisha pedali kinyume. Je, niendelee nayo hadi baridi iishe, au nihamie basi? Na nikiendelea, nianze kununua nini? Fedha ni ya kuhesabu.

BintiPemba
Karibu kaka. Mimi niko Groningen, mwaka mzima ni baiskeli. Anza na taa, mengine yote yasubiri. Sheria ya hapa inataka taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma, na zisiwe za kuwaka na kuzima. Unaruhusiwa kuzivaa kifuani na mgongoni, ila usizivae kichwani wala mkononi. Za kuchaji kwa waya ni bei nafuu, chukua seti mbili, moja ikae kwenye begi.

Usidhani giza hili ni la wiki chache. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi saa zinarudishwa nyuma, asubuhi utaona mwanga kidogo, kisha unapotea tena. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo na kuzama saa kumi na nusu jioni. Kwa zamu yako, kwenda ni giza na kurudi huenda kukawa giza vilevile. Kama kuna njia ya mkato kupitia bustani isiyo na taa, iache. Zunguka penye taa.

FundiSpoku
Mkuu, mimi ni fundi wa baiskeli, niko Hamburg, na msimu huu ndio wateja wanaletwa na majani kuliko kitu kingine. Jani lililolowa linateleza juu ya lami, na majani mawili yakilaliana yanateleza yenyewe kwa yenyewe. Tena yanaficha shimo na ukingo wa njia. Ukiyaona mbele yako, punguza mwendo KABLA hujayafikia. Ukishakuwa juu yake, usikate kona, usibane breki ya mbele, acha baiskeli ipite imenyooka. Gurudumu la mbele likiteleza huna muda wa kuliokoa, la nyuma mara nyingi unaliwahi.

Breki yako ya nyuma ni nzuri kwa msimu huu kwa sababu iko ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), mvua haiifikii. Ya mbele ni tofauti: rimu ikilowa, mipira inaanza kwa kufuta maji, ndipo inashika. Kwa hiyo ianze mapema, kwa kuigusa taratibu.

Upepo wa tairi nao. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu. Kipindi hiki kaa karibu na cha chini, tairi ishike barabara zaidi, ila usishuke chini yake.

Na reli za tramu ya huko Science Park: zivuke kwa pembe mraba, usizifuate sambamba. Mistari myeupe ya barabarani na mifuniko ya chuma ikilowa ni hatari ileile.

MwanaMvita
Nikiongeza upande wa mavazi, mimi niko Copenhagen. Nunua suruali ya mvua kabla ya koti jipya, kwa sababu mapaja ndiyo hulowa kwanza. Glavu zisizopitisha upepo ni lazima. Pale mlangoni unapotoka, usikie kibaridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto utafika umelowa jasho, nalo likipoa mwilini ni taabu. Soksi za akiba zikae kazini. Viatu vikilowa, vijaze magazeti usiku kucha. Poncho pia ni rahisi kuvaa na inafunika hadi usukani.

BintiPemba
Ndugu yangu MwanaMvita, kwenye poncho sikubaliani nawe. Kwa upepo wa huku inageuka tanga, inakuvuta hadi upande wa magari. Suruali na koti vinatosha.

MwanaMvita
Kwa siku za upepo mkali nakubali, dada. Mvua tulivu, bado naipenda.

MtotoWaShinyanga
Mmenisaidia sana. Na usafiri wa basi je? Mwenzangu wa kazini anasema ninunue tiketi ya mwezi niachane na shida.

BintiPemba
Tiketi ya mwezi utaijutia. Lipa siku unayoihitaji tu. Tazama Buienradar, programu ya kufuatilia mvua, kabla ya kutoka, inakuonyesha wingu la mvua linavyosogea saa chache zijazo. Mara nyingi ukisubiri dakika kumi na tano limeshapita. Siku ya basi ni ile ya dhoruba, au ya barafu. Barafu ikianza, ogopa madaraja, yanaganda mapema kuliko barabara kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Manispaa humwaga chumvi kwenye njia kuu za baiskeli, vichochoro hawavigusi.

MtotoWaShinyanga
Nimeelewa, baiskeli inaendelea. Jumamosi nanunua taa na suruali ya mvua. Fundi, nitajuaje kama mipira yangu ya breki imekwisha?

FundiSpoku
Itazame kwa ubavu. Mingi ina mifereji. Mifereji ikifutika, badilisha. Ukisikia chuma kinakwaruza rimu, usiiendeshe tena mpaka ubadilishe, maana rimu yenyewe inaliwa. Ukiwa hapo hapo, futa mnyororo kwa kitambaa na uutie mafuta ya mnyororo, kisha ufute yaliyozidi. Baada ya kila mvua kubwa rudia hivyo. Na kama huna madigadi ya nyuma, yatafute kabla ya hiyo suruali.