Mlezi wa kituo changu anahudumu glosari ya bia wikiendi, wazazi wanataka aondoke. Nifanyeje?

MwenyeKituo

Heshima kwenu wakuu. Nina kituo cha kulelea watoto mchana hapa Tabata. Si kikubwa, ni nyumba ya kupanga yenye uwanja wa mchanga na mwembe mmoja. Wazazi wengi wanashusha watoto kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili wawahi kabla foleni ya barabara ya Mandela haijakaza.

Mlezi ninayemzungumzia nimwite Dada. Yuko na darasa la wadogo, wale ambao bado wanajikojolea. Anajua nani hanywi uji ukiwa wa moto na nani hapati usingizi bila kushika kitenge cha mama yake. Kuna mtoto tulidhani ni mkaidi, ukimwita hageuki. Dada ndiye aliyesema huyu sikio moja halisikii vizuri, mwambieni mama yake ampeleke hospitali. Ikawa kweli. Mama huyo yumo kwenye kundi letu la WhatsApp, na katika haya ninayowasimulia hajaandika hata neno.

Wiki iliyopita baba mmoja alirusha video kwenye kundi. Dada yuko glosari usiku, sketi fupi, sinia la bia mkononi, singeli inapigwa na yeye anakatika huku anahudumia. Chini baba kaandika: "Huyu ndiye mlezi wa wanetu?" Basi moto ukawaka. Mmoja akasema hana mume na ana mtoto. Mwingine akauliza atawafundisha nini. Wazazi wa mapacha wamenipa mpaka mwisho wa mwezi, yeye au wanawatoa watoto.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, baba mwenyewe alikuwa pale pale, chupa zake mbili zinaonekana pembeni ya video. Hilo limeshasemwa na mke wake kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Nilimwita Dada ofisini. Hakukataa. Ni Ijumaa na Jumamosi usiku, Jumapili analala, Jumatatu yupo getini kabla yangu. Sijawahi kumnusa pombe, na mimi pua yangu si ya kuchezea. Swali langu: maisha yake ya usiku yananihusu mimi mwajiri? Kama yananihusu, yanaishia wapi?

Baba_Wawili

Mimi ni mzazi na nasema yanakuhusu. Unachouza wewe si uji, ni imani yangu. Sketi achana nayo. Niogopacho ni hiki: wateja wa glosari wanamjua, wanamzoea, siku moja mmoja atamfuata kazini. Atasimama getini kwako saa nane mchana, amelewa, anamtafuta "mrembo wake". Utamzuia na nani? Mlinzi wako ana miaka mingapi?

Kijana wa Relini

Mleta mada taja hiyo glosari tupajue tu, hatuna nia mbaya.

AfisaAjiraMstaafu

Kijana wa Relini, hebu tulia.

Mleta mada, nimekaa ofisi za ajira miaka mingi, nikueleze sheria inavyotazama jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Sababu hizo ni mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na kazi, au mahitaji ya uendeshaji. "Wazazi wamekasirika" peke yake haimo. Kwenye mwenendo, kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinauliza: je, kulikuwa na kanuni? Ilikuwa ya maana? Mfanyakazi aliijua? Unaitumia kwa wote sawasawa? Nikuulize mimi: mkataba wake unasema lolote kuhusu kazi ya pili? Kama hausemi, unamfukuza kwa kosa lililoandikwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na hilo la "hana mume" usilitie mdomoni kabisa, hata kwa utani. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinakataza ubaguzi kwa hali ya ndoa na kwa majukumu ya familia. Ukiliandika kwenye barua umemwandikia ushahidi. Ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale watakuuliza haya haya ninayokuuliza, ila hawatakuita mleta mada.

Hoja ya Baba_Wawili ya mlevi getini nimeiona. Ni ya kweli, lakini hiyo ni hoja ya geti. Mume wa mlezi yeyote anaweza kuja pale na ugomvi wake wa nyumbani.

YayaWaZamani

Nimesoma nikacheka, halafu nikakasirika. Nimekuwa dada wa kazi Mbezi Beach, kisha mlezi kwenye kituo Mbagala, sasa nina genge langu la mboga na sitaki kusikia habari za mtoto wa mtu.

Kule Mbezi Beach mama alinikataza simu baada ya saa mbili usiku. Kanisa niende lile analotaka yeye. Nikionekana naongea na fundi wa maji, naulizwa usiku kucha. Yeye aliita kunilea. Watoto wake walikuwa salama kwangu kabla ya masharti hayo na baada yake, hayakuongeza kitu.

Mbagala tulikuwa na mwenzetu, mama mtu mzima, kitambaa kichwani, sala kabla ya uji na baada ya uji. Wazazi walimpenda mno, mwenye kituo alikuwa akimtolea mfano. Yule mama alikuwa anafinya watoto kwa ndani ya paja, mahali mzazi akiona anadhani ni pampasi imebana. Nilisema, nikaambiwa nina wivu. Mpaka mtoto mmoja akajifunza kusema, akasema mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumrekodi video yule.

Kwa hiyo mleta mada, acha usiku wake, angalia mchana wako. Wavue watoto nguo uwaangalie wakati wa kuoga. Ingia darasani bila kubisha. Msikilize anavyomjibu mtoto aliyejinyea mara ya tatu. Kama Jumatatu anasinzia na mtoto yuko karibu na ndoo ya maji, hapo mwite, na kosa ni kusinzia. Jingine la kukagua ni simu. Kuna walezi wanatupia watoto wa watu kwenye stetasi wakiwa wanaoga! Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kubeba sinia, na halitokei glosari, linatokea kwako.

Halafu hujasema. Unamlipa shilingi ngapi?

MwenyeKituo

YayaWaZamani, nilijua litakuja. Laki mbili kwa mwezi, na chakula cha mchana. Anakaa Kinyerezi, nauli unaijua. Kule glosari kwa usiku mmoja anapata elfu ishirini na bakshishi.

Nimepiga hesabu jana na daftari la ada. Siwezi kumpa laki nne, nikifanya hivyo nafunga. Naweza kuongeza elfu hamsini, na nimemwambia aamue mwenyewe kuhusu glosari, sikuweka sharti. Amesema Ijumaa ataacha, Jumamosi hataiacha, mwanawe anaingia darasa la kwanza.

Baba_Wawili

Na geti?

MwenyeKituo

Geti umenishinda, mkuu. Kuanzia Jumatatu hakuna mgeni wa mfanyakazi yeyote saa za watoto, akiwemo mume wangu ambaye hupenda kuja kunywa chai. Mtoto anachukuliwa na mtu aliyeandikwa kwenye fomu tu. Simu za walezi zinakaa ofisini, na yangu nikiingia darasani. Nimeandika kwa lugha rahisi, kila mlezi anasaini, na nitampelekea nakala afisa ustawi wa jamii wa kata kwa sababu ndiye anayetukagua.

Kwenye kundi nimeandika hivi: kanuni mpya hizi hapa, Dada anaendelea na darasa la wadogo, anayetaka kuja kukaa darasani kutwa nzima aje bila kunipigia, na atakayerusha tena video ya mfanyakazi wangu nitamtoa kundini.

Wazazi wa mapacha wameshaaga. Nawarudishia ada ya siku zilizobaki. Yule mama wa mtoto wa sikio amekuja leo asubuhi, hakusema lolote la video, ameuliza kama kuna nafasi ya mdogo wake. Zipo mbili.