Ndani ya darubini: rangi ya kopo, Musou Black au karatasi ya manyoya?

Nyota_Njema: Wakuu salaam. Mwezi ukiwa karibu na kitu ninachotazama, anga lote ndani ya darubini linakuwa kijivu. Nataka kuipaka weusi ndani, naagiza wiki hii. Nichukue rangi ya kopo isiyong'aa, Musou Black (ile rangi nyeusi sana ya Kijapani), au karatasi ya manyoya, ile yenye nyuzi fupi nyeusi mbele na gundi nyuma?

Falaki77: Darubini gani? Ya lenzi au ya vioo? Bomba limefunikwa au ni la fito? Unatazama kwa jicho au kwa kamera? Hujasema hata kimoja, ndugu.

KiooKikuu: Karatasi ya manyoya, basi. Rangi nyingi ni nyeusi ukizitazama moja kwa moja, lakini mwanga ukizipitia kwa ubavu zinang'aa. Na ndani ya bomba mwanga mwingi wa kero hupita kwa ubavu.

Mweusi_Tii: Sikubaliani. Watengenezaji wa Musou Black wanasema inameza 99.4% ya mwanga, na haidondoshi nyuzi juu ya kioo. Ila ipulizwe, na ikishakauka usiiguse wala kuisugua, itaacha alama.

Bi_Zuhura: Jamani, karatasi hiyo imenitia hasara. Fundi aliibandika juu ya chuma chenye mafuta, hakukifuta. Umande ulipoanza, pembe ikabanduka. Kila nikiivuruga fokasi, duara la nyota linaonekana limemeguka upande mmoja. Nikahangaika na skrubu za kulinganisha vioo usiku kucha, kumbe kipande kinaning'inia kwenye njia ya mwanga! Baadaye kikaanguka chote, gundi chini, juu ya kioo kikuu. Kukibandua kikatoka na alumini ya kioo, ule utando unaoakisi mwanga. Fundi akasema ni hali ya hewa.

KiooKikuu: Pole sana dada. Lakini hapo kosa ni la fundi. Chuma kisafishwe kwa spiriti, na kingo za karatasi zibanwe.

Bi_Zuhura: Kioo ni changu, kaka. Sibandiki tena kitu juu yake.

Kijana_wa_Mirihi: Kwa nini asitumie Vantablack? 99.965%!

Falaki77: Hiyo ya 2014 ni msitu wa vijibomba vya kaboni vinavyooteshwa kwenye mashine yenye joto kali. Ukiigusa kwa kidole umeiharibu. Chuo cha MIT cha Marekani nao walitangaza ya 99.995% mwaka 2019, hiyo pia si ya kupaka nyumbani.

Kijana_wa_Mirihi: Vantablack si alipewa msanii Anish Kapoor peke yake?

Mweusi_Tii: Kwa kazi za sanaa tu. Vyombo vya anga havikuhusika na zuio hilo. Hata hivyo naona haikuwa haki, weusi hauna mwenyewe.

KiooKikuu: Walioitengeneza wana kampuni yao, wana haki ya kuchagua wa kumuuzia.

Nyota_Njema: Samahani wakuu. Ni ya vioo, ya Newton, kioo kikuu cha milimita 200, bomba la chuma. Napiga picha.

Falaki77: Ungesema mapema! Usipake bomba zima. Anza na ukuta unaotazamana na fokasa (pale unapofunga kamera na kurekebisha fokasi), ndani ya mrija wa fokasa, na ukingo wa kioo cha pili. Kisha refusha mdomo wa bomba kwa kinga ya umande, huo mwanga wa Mwezi usiingie kabisa.

Mweusi_Tii: Kamera yako ina kichujio cha kuzuia infraredi, ule mwanga ambao jicho halioni ila kamera inauona? Alumini nyingi iliyotiwa weusi kiwandani hung'aa kwenye infraredi, na mrija wa fokasa mara nyingi ndiyo hiyo.

Nyota_Njema: Kilitolewa na aliyeniuzia. Kwa hiyo mrija niupake Musou au niubandike karatasi?

KiooKikuu: Karatasi.

Bi_Zuhura: Rangi!