Jaji aliyehukumu noti yenye sura yake: Chase hakupaswa kujitoa kwenye kesi?

Wadau, mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vikiwa vimepamba moto, serikali ya Rais Lincoln ilichapisha noti zisizo na dhahabu nyuma yake, na sheria ikamlazimisha kila mdai azipokee. Waziri wa Fedha alikuwa Salmon Chase, wakili wa Cincinnati aliyepata kuwa seneta na gavana wa Ohio. Noti ya dola 1 ilibeba sura yake. Bwana huyu aliuota urais usiku na mchana.

Desemba 1864 akawa Jaji Mkuu. Mwaka 1870 akaamua kesi ya Bi. Hepburn, aliyekuwa ameahidi mwaka 1860 kumlipa Griswold dola 11,250, enzi ambayo deni lililipwa kwa dhahabu au fedha tupu. Je, noti zile zinatosha? Chase akaandika hukumu kwa mkono wake: kwa madeni ya kabla ya sheria, hazitoshi. Akaongeza kwamba vita havikuwapa watu nafasi ya kufikiri kwa utulivu. Watu gani, kama si yeye?

Kesi ya nyani hapewi ngedere. Hapa nyani alijihukumu mwenyewe. Alipaswa kujitoa.

— Mkuu, unamwonea. Nyani gani anayejitia hatiani? Halafu huyu ndiye wakili aliyewatetea watumwa watoro mpaka akabandikwa jina kwa ajili yao. Tarehe 1 Februari 1865, hajamaliza hata miezi miwili kitini, mahakama yake ilimpokea John Rock, wakili mweusi wa kwanza kuruhusiwa kusimama pale. Mtangulizi wake Taney ndiye aliyeandika mwaka 1857 kwamba mweusi hawezi kuwa raia. Ukitaka majaji wasiowahi kugusa siasa, Rock angesubiri sana.

— Kwa Rock sina neno. Ila wewe unatetea uteuzi, mimi naongelea kesi moja. Na tamaa haikumwisha: mwaka 1868 aliongoza Seneti ikimhukumu Rais Johnson (aliyeponea kura moja), na Julai yuleyule akawa anautaka urais kupitia chama cha Democrats. Mwaka 1860 alikuwa ameutafuta kwa wapinzani wao, Republicans!

— Naingilia. Hukumu yenyewe ya noti haikufikisha miezi 16. Siku ileile iliposomwa, Rais Grant alipendekeza majaji wawili wapya, na mwaka 1871 kwa kura 5 dhidi ya 4 ikapinduliwa, Chase akipinga. Mmoja wa hao wapya, Strong, akiwa jaji Pennsylvania alishaamua zamani kwamba noti ni halali. Mbona yeye humwambii ajitoe?

— Namwambia. Ajitoe naye.

— Basi zinabaki kura 4 kwa 3, noti bado ni halali, na Bi. Hepburn anatoa noti za nani?